Gari Lililokunywa Maji ya Jiweni

Mwanangu Somoe,

Salamu za barua huandikiwa mtu aliye mbali, na wewe bado nakusikia huko uani ukisuuza masufuria na kucheka na mama yako mdogo. Basi salamu ziweke akiba, utazihitaji kesho ukishapanda treni. Madoa haya unayoyaona ni grisi. Nimenawa kwa sabuni, nikanawa kwa majivu, nikajisugua kwa mchanga, na bado kidole gumba kimeacha alama yake kwenye karatasi kabla sijaandika hata jina lako. Karatasi nyingine hakuna, kwa hiyo nivumilie.

Nimekaa kwenye kigoda mbele ya gari letu. Chini ya rejeta tuliyoifunga leo nimetandaza mchanga mkavu na kuusawazisha kwa kiganja, ili tone likidondoka nilione. Naandika maneno mawili matatu, nainama kuchungulia, narudi kuandika. Mtu akipita barabarani atadhani nimeangusha kitu. Mgongo unaniuma, mabega yanawaka moto, na habari za magoti usiniulize. Nimechoka, Somoe. Nimechoka uchovu ambao hauishi kwa kulala, na ndiyo maana naandika badala ya kulala.

Kwa nini naukodolea macho mchanga huu, wewe unajua. Mjomba wako ameridhia uende Mtwara kujifunza uuguzi, lakini ameridhia huku amekunja uso. Ulikuwepo barazani siku ile ukimimina chai, ukamsikia: "Aende. Lakini gari hilo likinlaza porini ntoto wetu, treni ikamwacha, basi arudi nyumbani, na habari ya Mtwara nisiisikie tena." Aliposema hivyo aliwatazama wale wageni waliokuja kukuposa, nao wakatazama chini kwa adabu, lakini hawakuondoka. Huko Mtwara nako wamesema asiyefika kwa siku waliyoitaja, nafasi yake anapewa mwingine. Kwa hiyo kesho kila kitu chako, sanduku, sare, na maisha yako ya mbele, kitakuwa kinavutwa na injini hii mbovu kutoka Ruangwa hadi stesheni ya Nachingwea. Nami ndiye dereva.

Mambo ya jinsi ya kukaa na wenzako, ya kuswali kwa wakati, ya kuficha pesa kwenye pindo, siyaandiki. Mama yako na mama zako wadogo wamekuambia tangu wiki iliyopita, na kila mmoja ameanza upya kana kwamba wenzake hawakusema kitu. Masikio yako yamejaa. Mimi nataka kukueleza habari ya maji.

Unakumbuka kwamba mimi hapa ni mkwe. Nilikuja kuoa nikitokea upande wa Mbwemkuru, nikajenga kwenye uwanja wa watu wa mama yako kama desturi yetu ilivyo, na watoto mliozaliwa ni watoto wa ukoo wao. Mjomba wako ndiye mwenye neno juu yenu. Sikuwahi kulalamika kwa sauti. Lakini mwanamume anayeishi kwa wakwe anatafuta kitu kimoja ambacho akikinyooshea kidole atasema hiki ni changu, na mimi kitu hicho nilikipata Nachingwea.

Wazungu wa karanga walipokuja kufyeka pori, nilikwenda kambini kama vijana wengine wote. Wengine waliwekwa kung'oa visiki. Mimi nilipelekwa karakana, chini ya fundi mmoja wa Kiyao tuliyemwita Mzee Chande, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, ambaye alikuwa akizungumza zaidi na magari kuliko alivyozungumza nasi. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba injini ni moto uliofungiwa ndani ya chuma, na rejeta ndiyo inayoupoza. Maji yanapita kwenye injini yanachukua joto, yanakuja mbele kwenye rejeta, yanashuka kwenye mirija myembamba huku feni ikipuliza, yanarudi yamepoa. Ikivuja au ikiziba, injini inachemka, na ukilazimisha kwenda inakufa. Akaniambia na jambo jingine, ambalo nililishika kwa mikono miwili: "Maji ya chumvi yanaila rejeta. Polepole, lakini yanaila. Gari lako lipe maji matamu."

Basi karanga zilipogoma kuota kama zilivyotarajiwa, kambi ikapungua, magari mengi yakauzwa kama chakavu. Nikapata hili. Lilikuja kwa kuvutwa, bila taa, mlango mmoja umefungwa kwa kamba. Nililifufua hapa hapa uwanjani. Siku lilipowaka kwa mara ya kwanza wewe ulikimbilia chini ya kitanda cha bibi yako ukagoma kutoka mpaka nilipolizima. Nami nilisimama katikati ya moshi ule nikajiona mtu.

Sasa, hapa kwetu kuna maji ya aina mbili, na wewe umeyanywa yote. Kuna kisima cha karibu, ambacho maji yake ukipikia chai huhitaji kuionja ili ujue ni ya chumvi. Na kuna chemchemi ya Jiweni, kule bondeni chini ya mwamba, ambako maji ni matamu, lakini kwenda na kurudi ni saa nzima, na kupanda ukiwa na ndoo kichwani ni kazi ya kumtoa mtu machozi. Watu wote walikuwa na utaratibu mmoja: maji ya kisimani ni ya kufulia, kuogea na kujengea, maji ya Jiweni ni ya kunywa.

Nyumba yangu mimi ikageuza utaratibu huo. Nilimwambia mama yako maji ya Jiweni yaingie kwenye debe la gari, na sisi tunywe ya kisimani. Nilimweleza kwa upole, nikampa maneno ya Mzee Chande kama mtu anayesoma dawa ya hospitali. Nikamwambia gari hili likifa tumekufa njaa, na sisi chumvi haituui. Mama yako alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Na ntoto?" Nikajibu, "Atazoea."

Ulizoea kwa shida. Tumbo lilikuwa likikusumbua kila mara, ukawa mwembamba, na bibi yako akawa anakufukiza majani kila wiki. Mimi nilikuwa njiani na mizigo ya ufuta na korosho, nikirudi nauliza kwanza kama debe limejaa.

Sijui kama unaikumbuka siku ya debe. Natumaini huikumbuki, lakini nadhani unaikumbuka, maana tangu siku ile hukuwahi kunywa maji mbele yangu bila kunitazama kwanza. Ilikuwa kiangazi, joto limebana. Nilitoka ndani nikakukuta umechuchumaa nyuma ya gari, kata mkononi, unakunywa maji ya debe kwa pupa, kidevu chote kimelowa. Nikakuchapa kofi. Kata ikaruka, maji yakamwagika, na unajua nililitazama nini kwanza, wewe au maji? Niliyatazama maji.

Mama yako alikuwa anaingia uwanjani wakati huo huo na ndoo kichwani. Aliitua ndoo taratibu, akakubeba, akaenda nawe nyumbani kwa kaka yake. Jioni nikaitwa.

Nilikaa kwenye mkeka mbele ya wakwe zangu wote kama kijana aliyekamatwa na kuku wa watu. Nilijieleza sana. Nilieleza chumvi, nikaeleza mirija, nikaeleza shaba yake inavyoliwa. Mjomba wako alisubiri nimalize. Akasema neno moja tu: "Ntoto ni wetu, motokaa ni yako. Kila ntu annyweshe wake." Akaamuru kwamba tangu siku ile hakuna mwanamke wa nyumba ile atakayechota maji kwa ajili ya gari.

Nilichukia, nisikufiche. Nilirudi nyumbani nimevimba, nikalala ndani ya gari. Lakini kesho yake nikachukua madebe mawili na mzega wa kuyabebea begani, nikateremka Jiweni mwenyewe. Watani wangu walinisubiri njiani kama watu wanaosubiri ngoma. "Shemeji, umeolewa lini?" mmoja akaniuliza. Mwingine akanitafutia kipande cha kanga nijitwishe nacho. Nilicheka kwa mdomo tu. Nilipofika juu ya kilima kile na madebe yananing'inia huku na huku, maji yanamwagikia miguuni, mapigo ya moyo nayasikia masikioni, ndipo nilipojua kwa mara ya kwanza nilichokuwa nikimtuma mama yako. Ningeweza kuacha kuandika hapa, ukaniona baba aliyepata akili. Lakini haikuwa hivyo.

Nilichota kwa muda. Kisha nikaanza kurudi safari nimechoka, nikachota siku moja na kuacha mbili. Gari likawa linakwenda na maji nusu. Asubuhi moja nikakuta debe limejaa. Sikuuliza. Siku nyingine nikalikuta limejaa tena. Mama yako alikuwa ameanza kwenda Jiweni kabla watu hawajaamka, ili kaka yake asijue, akichota ndoo ya kwanza kwa ajili yako, ananifichia mimi aibu, anarudi tena kuchota ya gari. Hakuna aliyemwambia. Aliona gari ndilo linalokupeleka shule, akajitwisha.

Nami niliona nikanyamaza. Huo ndio ukweli wangu, Somoe, na ni mzito kuliko kofi. Kofi nilipiga nikiwa na hasira. Kunyamaza kule nilinyamaza nikiwa na akili timamu, kila asubuhi, miaka nenda rudi. Mtu akikuamuru umbebee mzigo, utalalamika, watu watasikia, pengine utasaidiwa. Mtu akikubebea bila kuambiwa, ni rahisi sana kufanya kama vile debe linajijaza lenyewe. Nililizoea debe lililojaa kama nilivyolizoea jua kuchomoza.

Sasa kuna habari ya unga, ambayo mpaka leo asubuhi hakuna aliyeijua ila mimi.

Mwaka mmoja nilikuwa natoka Ruponda na mzigo wa ufuta, rejeta ikaanza kuvuja. Maji ya akiba yakaisha. Hakuna nyumba, hakuna kijito, mawingu yamekaa vibaya, na ufuta wa watu uko wazi nyuma. Akapita dereva mmoja, akaniuliza, nina unga wa muhogo? Ninao. Akasema utie konzi mbili za mkono kwenye rejeta, washa, utaona. Nikatia. Unga ukapikika humo ndani, ukaziba pale palipotoboka, na nikafika nyumbani nikipiga honi. Mama yako aliniuliza nimelitengenezaje, nikamwambia ufundi. Nilikula sifa zake na ugali juu yake.

Lakini unga hauchagui tundu la kuziba. Ulipoziba lile lililotoboka uliziba na mirija iliyo mizima. Tangu siku ile gari likawa linachemka kila kilima. Likichemka, maji yanaruka mvuke, na yanayoruka lazima yarudishwe. Ndoo mbili zikawa haziwezi kutosha. Mimi nikasema gari limezeeka, lina kiu. Na kila lilipovuja tena, maana nalo liliendelea kuvuja, nikatia konzi nyingine kisirisiri. Kwa hiyo mama yako alipanda kilima kile mara zaidi kwa sababu ya unga nilioutia mimi, kutoka kwenye kinu chake mwenyewe, nami nikamwambia ni kiu ya gari.

Wiki iliyopita lilipokufa kabisa hapa uwanjani, nilijua. Nikapanda baiskeli mpaka Nachingwea, nikazunguka kwenye makaburi ya magari ya karanga, nikapata rejeta hii kwenye lori lililoota nyasi mpaka kwenye usukani. Mwenyewe akaiachia kwa gunia la ufuta. Si ya gari kama letu. Nikaifunga kwenye kiti cha nyuma kwa mpira, nikaja nayo nikiendesha kwa hofu kama nimebeba mgonjwa.

Leo umeniona nikifanya kazi, lakini yaliyokuwa yakipita kichwani hukuyaona. Tulipofungua koki ya chini ili kuyamwaga maji ya zamani, yalitoka kidogo, ya rangi ya kutu, yakakatika. Ukaniuliza, "Baba, yameisha?" Nikakwambia yameisha. Yalikuwa hayajaisha. Yalikuwa hayawezi kupita. Nikalegeza klipu, nikavuta mpira wa juu, nikavuta wa chini, nikafungua bolti za pembeni. Ile moja ya chini, ya nyuma ya feni, mkono wangu ukagoma kupita. Miaka kumi iliyopita ungepita. Ukavua bangili, ukaingiza mkono wako, ukaishika nati kwa ncha za vidole huku nikikwambia kushoto, kushoto, na ikatoka. Nilitaka kukusifu, badala yake nikakuomba spana.

Kisha tukaitoa nje, wewe upande mmoja mimi upande mmoja, tukaigeuza kifudifudi kwenye gunia, nikaipiga kwa kiganja. Umeona kilichotoka. Kwanza vipande vya kutu, halafu yale mabonge ya kijivu, mengine magumu kama kokoto, mengine bado laini. Mama yako alikuwa amesimama na ndoo ya Jiweni, amekuja nayo kwa ajili ya rejeta mpya. Akainama, akachukua bonge moja, akalivunja kwa kucha. Mwanamke aliyesonga ugali maisha yake yote hahitaji kuambiwa ule ni nini.

Wewe ulidhani atagomba. Nilikuona umerudi nyuma kidogo. Mimi pia nilimsubiri agombe, nilitamani agombe. Akaligeuzageuza lile bonge kiganjani, akanitazama, akasema kwa sauti ile ile anayoulizia chumvi jikoni, "Kumbe ilikuwa inakufa tu. Basi maji tungekunywa wenyewe."

Akaibeba ndoo yake, akaingia nayo ndani.

Nimefanya kazi nyingi baada ya hapo. Tundu za rejeta mpya hazikukubaliana na za gari, nikatoboa nyingine. Nikakata vipande vya tairi kukuu nikavitia chini yake isitikisike. Mpira wa juu ulikuwa mfupi, nikauunga kwa kipande cha bomba na klipu mbili. Nikaipima feni kwa kidole isije ikaikwaruza. Nikateremka kisimani mwenyewe nikaleta maji ya chumvi, nikaijaza mpaka shingoni, nikawasha injini na kuacha kifuniko wazi mpaka mapovu yakaisha. Maji ya chumvi, ndiyo. Kwa safari moja hayana neno, na Mzee Chande alisema polepole. Yote hayo niliyafanya, na hakuna lililonitoa kwenye maneno yale. Nimeyasikia kwenye kila bolti.

Miaka ile yote nilijiambia kwamba mnaumia kwa ajili ya kitu kinachodumu. Leo nimekiona kitu chenyewe kimelala kwenye gunia, kimeoza kwa mkono wangu. Maji matamu hayakukifaa kitu. Yangekufaa wewe. Yangemfaa yeye, hata kwa kutokwenda tu, hata kwa kulala asubuhi moja mpaka jua litoke.

Subiri nichungulie mchanga.

Nimerudi. Ningependa kukuandikia kwamba mchanga ni mkavu. Kulikuwa na doa. Dogo, la ukubwa wa punje ya mahindi, chini ya ule mpira niliouunga. Na nikuambie nilichofanya, maana nimeamua barua hii isiwe na ufundi wa Ruponda. Niliinuka nikaenda jikoni. Sikufikiri, miguu ilikwenda yenyewe. Nilifika mpaka kwenye chungu cha unga, nikaweka mkono juu ya kifuniko, na ndipo nikamwona mama yako amekaa kwenye mkeka anakutilia ufuta wa kukaanga kwenye kopo. Alinitazama mkono. Nikautoa. Nikarudi hapa na bisibisi, nikavua klipu, nikaukata mwisho wa mpira uliochanika, nikaufunga upya na kukaza mpaka vidole vikauma. Nimesawazisha mchanga tena. Mpaka sasa haujalowa, lakini sikuapii.

Unaona basi ni mtu wa namna gani anayekuandikia. Aliyeyajua yote haya asubuhi, akayalia moyoni mchana kutwa, na jioni ameukuta mkono wake juu ya chungu cha unga. Kwa hiyo sitakuambia kwamba mtu akikosea anajifunza, na akishajifunza amepona. Mimi kila mara nimejifunza kwa kuchelewa, na nikishajifunza lazima mtu anitazame mkono.

Huko uendako utafunzwa kubeba watu. Ndiyo kazi ya uuguzi nijuavyo mimi: kuamka kabla yao, kuwaletea maji, kuwasafisha, na wengi watakuwa hawaulizi yametoka wapi. Una damu ya mama yako, utafanya bila kuambiwa. Nami sikukatazi, maana bila watu wa namna hiyo sote tungekuwa tumekufa kwa kiu. Ninachokuogopea ni mtu wa namna yangu. Atakuja. Anaweza kuwa mkubwa wako wa kazi, anaweza kuwa mumeo, mtu mwema tu, mchapakazi, anayeswali, mwenye sababu nzuri na maneno ya fundi fulani mkononi. Atakuambia sisi tutazoea. Mtazame vizuri anapolisema hilo. Ukimwona anachungulia debe kabla hajakutazama wewe, umenikumbuka.

Na usimchukie mjomba wako kwa masharti yake. Miaka mingi nilimhesabu kuwa mtu anayetaka kuninyang'anya. Ni yeye peke yake aliyesimama kati yako na debe langu. Ukifika, barua ya kwanza mwandikie yeye, mimi nitasomewa.

Kuhusu mama yako, sijui nifanye nini. Nimewaza kumwomba radhi leo, nikaona nitakuwa nimemwongezea kazi, kazi ya kunisamehe. Ukishaondoka nitachukua mzega wangu niteremke Jiweni. Watani wangu wengi wamezeeka, hawana nguvu ya kunicheka kama zamani. Nitachota ya kunywa, niyaweke kwenye mtungi wake, na nitafanya hivyo kesho yake na kesho yake nyingine. Nikichoka nitachota nimechoka. Kama ataniuliza sababu, nitamwambia. Nadhani hataniuliza.

Sasa jua linashuka na herufi zimeanza kunikimbia. Barua hii nitakupa alfajiri kabla hatujapakia sanduku, na nataka uisome hapo hapo, kabla hujapanda. Usiniambie lolote. Panda tu, ukae mbele pamoja nami.

Kwenye kiti utakuta chupa imefungwa kwa kitambaa. Ni maji ya ile ndoo ya leo, mama yako ameyachuja mwenyewe, na safari hii amesema ni ya nani. Tutaondoka mapema sana, kwa hiyo gari likichemka njiani tutakuwa na nafasi ya kukaa pembeni lipoe. Likihitaji maji, nitashuka nitafute, miguu bado ninayo. Likikataa kabisa, nitalibeba sanduku lako kichwani mpaka Nachingwea, na treni hutaikosa, hata kama nitafika stesheni nikitambaa. Hilo naweza kukuahidi.

Kuna jambo moja siwezi kuahidi. Mvuke utakapoanza kutoka na mshale wa joto ukapanda, najijua, nitaiona ile chupa mapajani pako. Nitasema ni kidogo tu. Nitasema ni kwa faida yako, usichelewe treni, na nitakuwa na sababu nzuri. Nitanyoosha mkono.

Usinipe, Somoe. Fungua chupa uyanywe, na usinitazame kwanza.

Baba yako,
Athumani